Pasi kavu au ya mvuke kwa viraka vya kitenge?

Dada, umeuliza uchukue pasi ipi kwa kushona mashuka ya viraka vya kitenge. Chukua kavu, tena nzito. Maji mengi ya visima huku Dodoma yana chumvi. Ukiyatia kwenye pasi ya mvuke, matundu huziba taratibu, halafu siku moja inatema uchafu mweupe juu ya kazi yako. Inauma sana! Kabla hujalipa pale soko la Majengo, igeuze: uso uwe laini bila mikwaruzo, ncha iwe nyembamba ya kufungua mshono. Wati 1000 zinatosha. Ila usiiburute. Ikandamize, inyanyue, isogeze. Kipande kilichokatwa mshazari kikiburutwa huvutika vibaya, na pembe hazikutani tena. Mikunjo sugu inyunyizie maji kidogo kwa chupa.