Njia ya kayaki Mto Tana, Sagana mpaka Garissa?

Boss, wazo poa lakini Sagana hadi Garissa kwa mara moja sahau, hapo katikati kuna mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kila moja itabidi watu wabebe kayaki begani kulizunguka kwa barabara. Juu ya hapo kuna viboko na mamba, hao hawasomi vibao.

Anzeni na kipande kifupi tu pale Sagana, kwa sababu tayari watu wanashuka na rafti na wanajua maji yanavyobadilika msimu wa mvua. Kitu cha kwanza si ramani wala logo, ni pa kutokea! Mimi nilishawahi kutoka mtoni mahali hakuna ngazi, tope hadi magotini, tunavuta kayaki kwa kamba, halafu juu tunakuta ni shamba la nduma la mama fulani na amekasirika, na alikuwa na haki kabisa. So ongeeni na wenye mashamba ya ukingoni kwanza, kisha WRA, ile mamlaka ya serikali ya rasilimali za maji, ndio mchimbe hizo ngazi.