Meli Ikigonga Gati, Usimtafute Rubani

Nimeagiza mashine ya kukamua alizeti niifunge hapa Kizota. Meli iliyoileta iligonga gati ilipokuwa inafunga, kontena langu likakaa wiki tatu zaidi. Wakala wa forodha anasema nimdai rubani wa bandari. Ni sahihi?

Si sahihi, na wakala wako anakupotezea siku. Rubani hupanda melini kuiongoza iingie kwa kuwa anaijua mikondo na vina vya bandari yake, lakini nahodha anabaki kuwa nahodha. Mwenye gati humdai mwenye meli, basi.

Ila wewe huna gati, una mzigo, na hapo ndipo wafanyabiashara wetu wanapoumia. Geuza hati yako ya shehena usome yale maandishi madogo ya nyuma. Hati nyingi hufuata Kanuni za Hague za 1924, kanuni za kimataifa za kubeba mizigo kwa meli, ambazo zinamkinga msafirishaji dhidi ya madai ya mzigo pale kosa likiwa la nahodha, baharia au rubani katika kuiendesha meli. Kosa lile lile linalomfanya alipe gati ndilo linalomwokoa asikulipe wewe. Mimi naiita dhuluma, na nitaendelea kuiita hivyo.

Bima ya mzigo nayo kwa kawaida hailipi hasara ya kuchelewa; inalipa mashine iliyovunjika. Kwa hiyo kontena lifunguliwe mbele ya mkaguzi, lakiri ipigwe picha kabla ya kukatwa, na usisaini kwamba umepokea mzigo salama kabla hujauona. Chini ya kanuni hizo, dosari isiyoonekana kwa nje huandikiwa taarifa ndani ya siku 3 tangu kupokea. Kesi hufunguliwa ndani ya mwaka 1. Nimeshaona madai mazuri yakifa kwa sababu mtu alikuwa "anasubiri wayamalize kirafiki".

Shikamoo mwalimu. Nasoma sheria UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Kama meli inalazimishwa kuchukua rubani, kwa nini mwenye meli abebe kosa la mtu ambaye hakumchagua?

Marahaba, mwanangu. Uingereza utetezi huo uliwahi kukubalika, na matokeo yake mwenye mali iliyovunjwa alibaki akimdai rubani, mtu wa mshahara asiyeweza kulipa gati. Mkataba wa Brussels wa 1910 kuhusu migongano ya meli ukaukataa, na Sheria ya Urubani ya Uingereza ya 1913 ikaufuta kuanzia 1918.

Soma shauri la meli ya mafuta Esso Bernicia. Desemba 1978 ilikuwa inafunga gati Sullom Voe, Shetland. Kiungio cha bomba kwenye tagi mojawapo (boti ya kuvuta meli) kikapasuka, moto ukazuka, tagi ikaachia kamba, meli ikagonga nguzo za gati na zaidi ya tani 1,100 za mafuta zikamwagika. Wenye meli walijaribu kuitupia mamlaka ya bandari makosa ya rubani. Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likasema kwamba kwa uendeshaji wa meli, rubani huhesabiwa mtumishi wa mwenye meli.

Na ukifika kwenye fidia, usisahau kikomo. Mkataba wa 1976 kuhusu kikomo cha madai ya baharini unamruhusu mwenye meli kuomba malipo yake yasizidi kiwango kinachokokotolewa kwa ukubwa wa meli. Wanafunzi wengi huandika kurasa kumi juu ya nani mkosaji, kikomo hawakigusi.

Ajali si mipango ya Mungu? Mwenye meli ana kosa gani?

Swali hili naletewa kila mara. Gati halitembei. Kilichotembea ndicho kinachoanza kujieleza, na "upepo ulikuwa mkali" hautoshi kama upepo huo ulionekana kabla ya kuingia. Nimewahi kusimama gatini meli ikifunga. Inakuja polepole kuliko mtu anayetembea, huisikii, mpaka mpira wa kinga unabanwa na kulia kama mlango mkavu. Uzito wa makumi ya maelfu ya tani hauhitaji kasi kuvunja zege.

Je, gati lenyewe likiwa bovu?

Hapo lawama inamgeukia mwenye gati. Tangu shauri la The Moorcock, 1889, ambapo meli ilikalia tuta la ardhi ngumu maji yalipokupwa kwenye mto Thames, mwenye gati anayelipwa anatakiwa awe ametazama kama mahali pale ni salama. Hata hivyo, nahodha aliyeiona hatari naye atabeba sehemu yake.

Muda wa kudai ni upi?

Kwa sheria yetu ya ukomo hapa Tanzania, madai ya madhara (kama gati au boti iliyogongwa) ni miaka 3, madai ya mkataba ni miaka 6. Mzigo nimeshajibu hapo juu.

Boti yangu ilikuwa imefungwa mwaloni Mtera, ikagongwa na boti nyingine iliyokuwa inaingia. Mwenye boti hiyo anasema nimdai kijana wake aliyekuwa anaiendesha.

Ndugu yangu, ni hadithi ile ile ya rubani. Kijana alikuwa kazini kwake, basi tajiri ndiye unayemdai. Chukua majina ya waliokuwepo, mpeleke kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) akaone, umwandikie mwenye boti barua yenye tarehe. Ule ubao uliovunjika usiutoe mpaka fundi asiye wa upande wako aukague.