Kabla ya kumtuza aliyeokoa maisha

Kwetu Likoni, Mombasa, watu huokolewa majini mara nyingi kuliko habari zake zinavyosikika. Mtu huvutwa, akalazwa mchangani, akatapika maji ya chumvi, akafunikwa leso, basi. Wiki ikipita kisa kishapoa. Mimi ni katibu wa kikundi cha mtaa kinachowatuza waokoaji, na neno langu la kwanza ni hili: andikeni mapema. Mtongwe, 29 Aprili 1994, feri ilipozama, waliofariki tunawajua idadi, 272. Wapo waliotoka hai. Waliowavuta wenzao siku ile, orodha yao anayo nani?

Askari akijitosa majini, tukio linaingia OB, kitabu cha matukio cha polisi, na OCS, mkuu wa kituo, anaweza kumwandikia wakubwa. Mvuvi aliyejitosa pamoja naye hana mkubwa wa kumsemea. Ndiyo maana raia husahaulika, wala si lazima pawe na hila. Basi mtaa ndio uwe mkubwa wake. Chukueni jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, simu, saa, mahali, na mashahidi wasio jamaa zake. Kila shahidi aulizwe peke yake, maana wakikaa pamoja humfuata mwenye sauti kubwa. Karibu na kivuko kuna tukio ambalo kila mtu alimtaja konstebo, na haki yake, alifanya kazi. Kumbe kabla hajafika, mama muuza viazi karai alikuwa amemrushia kijana mtungi wa mafuta wa lita 20, mtupu, kifuniko kimekazwa. Kijana aliukumbatia mpaka afande akamfikia. Mtungi huo haukuwa kwenye ripoti yoyote.

Siku ya kuwatunuku, someni hasa kilichotendeka. "Kwa ushujaa wake" haimwambii mtu kitu. Ukisoma kwamba mama alirusha mtungi badala ya kujitosa, vijana wanajifunza papo hapo, kwa sababu anayezama humng'ang'ania anayemfuata na wote wawili wakazama. Vyeti viwe sawa kwa askari na raia, wakae safu moja. Wanasiasa wakija, karibuni, lakini maikrofoni ibaki kwenu (hili nalisema kwa uchungu). Aliyeokolewa msimpandishe jukwaani kama hataki. Wengine bado wanaota maji.

Zawadi? Ulizeni kwanza alichopoteza. Mara nyingi ni simu iliyolowa na kibarua cha siku. Lipeni hicho kabla ya kununua kombe.

Kama tendo ni kubwa, msiishie mtaani. Sheria ya Kenya ya Nishani za Taifa ya 2013 inamruhusu mwananchi yeyote kumpendekeza mtu, na nishani hizo hutolewa sana wakati wa Jamhuri, 12 Desemba. Raia hupata: mwalimu Salah Farah, Mwislamu aliyekataa kutenganishwa na abiria Wakristo basi la Mandera liliposhambuliwa Desemba 2015, alitunukiwa nishani ya OGW (Order of the Grand Warrior) baada ya kufariki kwa majeraha yake.

Pendekezo lipelekeni kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri. Kuna ofisi iliwahi kutupotezea faili zima, picha na taarifa za mashahidi ndani yake. Nakala ndiyo iliyotuwezesha kuwasilisha upya wiki iyo hiyo.