Jibu: Je, askari wa udongo wa Qin Shi Huang walitoka kwenye kalibu moja?

Ndugu, umeuliza kama askari wa udongo waliozikwa karibu na kaburi la Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China aliyefariki mwaka 210 KK, walitolewa kwenye kalibu moja, na kwa nini leo wanaonekana wa kijivu.

Kalibu zilitumika, lakini kwa sehemu tu. Kiwiliwili kilijengwa kwa kupandisha miviringo ya udongo na kuacha uwazi ndani, na kichwa, ambacho kilitolewa kwenye kalibu ya vipande viwili, kiliongezewa kwa mkono masikio, masharubu na nywele, ndiyo maana nyuso zinatofautiana. Ninayemstaajabia zaidi ni mpiga upinde aliyepiga goti, kwa kuwa fundi alimchorea hata alama za mishono kwenye soli ya kiatu.

Rangi zilikuwepo, tena kali: nyekundu, kijani, hata zambarau ya kutengenezwa yenye bariamu na shaba. Zilipakwa juu ya vanishi ya utomvu wa mti, ambayo ikishafukuliwa na kukutana na hewa kavu hujikunja na kubanduka ndani ya dakika chache, ikiondoka na rangi yote iliyo juu yake.