Chakula kilichopitwa na tarehe: kipi bado kinauzika, kipi hakiuziki

SWALI: Nimenunua duka la vyakula kutoka kwa mtu aliyekuwa analifunga. Katika kuhesabu mali nimekuta tambi na biskuti zilizopitwa na tarehe kwa wiki tatu, maharage ya kopo yaliyopitwa kwa miezi miwili, makopo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga yaliyopitwa kwa mwezi mmoja, na pakiti za nyama iliyopikwa na kukatwa vipande vyembamba, ambayo tarehe yake imepita juzi. Vyote vinaonekana vizima, na nyama nimeinusa, haina harufu mbaya. Je, naruhusiwa kuviuza kwa punguzo nikimwambia mteja ukweli? Na kama siruhusiwi, naweza kuwagawia wafanyakazi?

JIBU: Tuanze na nyama. Itoe kwenye jokofu la kuuzia sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Vingine vinaweza kusubiri tuvizungumze.

Haraka hiyo inatokana na aina ya tarehe. Soma tena pakiti zako kwa makini. Kwenye nyama nategemea utakuta "tumia kabla ya" au "mwisho wa matumizi". Kwenye tambi, biskuti na maharage, "bora kabla ya". Tarehe ya kwanza inahusu usalama. Mtengenezaji anakuambia kwamba baada ya siku hiyo hawezi tena kudhamini kuwa bakteria waliomo hawajafikia kiwango cha kudhuru. Ya pili inahusu ubora: baada yake biskuti inaweza kulainika na mafuta yake kuanza kuchacha, lakini mlaji hapelekwi hospitali. Codex Alimentarius, mkusanyiko wa viwango vya chakula unaosimamiwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, unazitenganisha tarehe hizi hivyo hivyo. Kuna hata vyakula ambavyo Codex haivilazimishi kuwa na tarehe kabisa, kama siki na sukari ya chenga.

Sasa sheria. Hapa hakuna jibu moja la dunia nzima, na mtu akikupa moja usimwamini. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1169 ya mwaka 2011 inasema chakula kilichopita tarehe ya "tumia kabla ya" kinahesabiwa kuwa si salama. Kukiuza ni kosa. Kilichopita "bora kabla ya" kinaweza kuuzwa maadamu bado kinafaa kuliwa, na mwenye kuthibitisha kwamba kinafaa ni muuzaji. Ndiyo maana mwaka 2016 lilifunguliwa duka la Wefood jijini Copenhagen, lililouza vyakula vya ziada, vikiwemo vilivyopita tarehe ya ubora, kwa bei ya chini na bila kificho. Marekani ni habari nyingine: sheria ya shirikisho hailazimishi tarehe kwenye vyakula, isipokuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga, na mengine yameachiwa majimbo, ambayo hayakubaliani. Zipo pia nchi ambazo sheria zao hazitofautishi tarehe hizi mbili. Chochote kilichopitwa, hata chumvi, hakiruhusiwi kukaa rafuni. Kwa hiyo kabla ya kubandika bango la punguzo kwenye tambi zako, muulize mkaguzi wa chakula wa eneo lako swali moja tu: sheria yetu inatenganisha tarehe ya usalama na ya ubora? Akijibu ndiyo, tambi, biskuti na maharage vina nafasi. Akijibu hapana, mjadala umeishia hapo, hata kama chakula chenyewe hakina tatizo.

Turudi kwenye pua yako, maana najua ndiyo inayokushawishi. Bakteria wanaofanya chakula kinuke na wanaofanya watu waugue mara nyingi si walewale. Wa kwanza hutoa harufu, ute na uchachu. Wa pili wanaweza kuongezeka kimyakimya bila kubadili harufu, rangi wala ladha. Mfano mzuri ni Listeria monocytogenes, ambaye hupenda hasa vyakula kama nyama yako: vimepikwa, vimekatwa baada ya kupikwa, vimefungwa, na mteja atavila bila kuvipasha moto. Jokofu halimzuii, hupunguza kasi yake tu, na anaweza kuongezeka hata kwenye nyuzi joto chache juu ya sifuri. Kwa mjamzito anaweza kusababisha mimba kuharibika, na kwa wazee na wenye kinga dhaifu anaweza kuua. Dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 70, kwa hiyo usitarajie mteja arudi kesho kulalamika. Huenda hata yeye asijue ni pakiti ipi iliyomdhuru.

Mahakama nazo zimeshalikataa hilo la "bado ilikuwa nzima". Nchini Uingereza, kampuni ya Tesco ilishtakiwa kwa bidhaa zilizokutwa rafuni mjini Birmingham baada ya tarehe yake ya usalama. Ikajitetea kwa ushahidi wa kitaalamu kwamba bidhaa hizo hazikuwa na madhara. Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2020 kwamba tarehe ikishapita, chakula kinahesabiwa si salama, na ushahidi wa namna hiyo haubadili kitu. Mwaka uliofuata kampuni ikatozwa faini ya zaidi ya pauni milioni 7. Wewe huna mawakili wale.

Vyakula vikavu ni shwari zaidi kwa sababu bakteria wanahitaji maji. Tambi na biskuti hazina maji ya kutosha kwao, basi kagua mambo mengine: pakiti iliyotoboka, unyevu, wadudu, ukungu, harufu ya mafuta yaliyochacha. Ukiona ukungu usikwangue, tupa. Baadhi ya ukungu huacha sumu ambazo hata moto wa jikoni hauziondoi.

Maharage ya kopo yamepikwa ndani ya kopo lililofungwa, kwa joto la karibu nyuzi 121, kiasi cha kuua mbegu za Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu kali. Hapo usalama unategemea kopo kubaki limeziba kuliko unavyotegemea kalenda. Lililovimba, linalovuja, lenye kutu iliyokula bati au lililobonyea kwenye mshono usiliuze, na usilionje "kuhakikisha". Lililovimba usilifungue kabisa. Hili linahusu hata kopo ambalo tarehe yake haijafika.

Maziwa ya watoto yasiuzwe, hata kwa punguzo la nusu bei. Tarehe yake ina kazi ya ziada: inadhamini kwamba virutubisho vilivyoandikwa kwenye kopo bado vimo kwa kiwango hicho. Baadhi ya vitamini hupungua kadiri muda unavyokwenda, na mtoto mchanga anayetegemea kopo hilo hana chakula kingine cha kufidia.

Jambo moja hukuligusa, nalo naliogopa kuliko tarehe zenyewe. Tarehe yoyote ya chakula cha baridi imewekwa kwa sharti kwamba chakula kimekaa kwenye joto lililoandikwa kwenye pakiti. Duka lilikuwa linafungwa. Je, majokofu yaliwashwa muda wote? Kama huna rekodi ya joto, hata pakiti ambazo tarehe yake ni wiki ijayo siwezi kukushauri uziuze.

Kuhusu kumwambia mteja ukweli: kwa tarehe ya ubora, pale sheria inaporuhusu, ni sharti. Tenga rafu yake, andika wazi kwamba tarehe imepita, acha tarehe ya asili ionekane. Kuifuta, kuifunika kwa kibandiko cha bei au kuandika mpya ni udanganyifu, na kunaweza kukupa kesi hata kwa biskuti nzima kabisa. Kwa tarehe ya usalama, uwazi hausaidii kitu. Mteja hawezi kukusamehe kosa ambalo sheria imekukataza, hata akitia saini.

Na wafanyakazi? Katika sheria ya Ulaya, kuingiza chakula sokoni kunajumuisha kukikabidhi kwa mtu mwingine hata bure, na mwili wa mfanyakazi hauna kinga ya pekee dhidi ya Listeria. Tambi na biskuti zilizokaguliwa wagawie, ikiwa mkaguzi hana pingamizi. Nyama na maziwa ya watoto vitie kwenye kasha lililofungwa, liandike "SI YA KUUZA", liweke mbali na bidhaa nyingine, na uandike kwenye daftari idadi, tarehe na namna vilivyoteketezwa. Kabla ya kuviteketeza msomee mkaguzi orodha hiyo, kwa sababu baadhi ya mamlaka hutaka kushuhudia.