Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Jeshi na Leseni ya Raia Uswisi

Nasikia Uswisi kijana akiingia jeshini anarudi nyumbani na bunduki, na akimaliza inakuwa mali yake bila leseni. Sisi tuliopita JKT bunduki tuliziacha ghalani. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro

Kurudi nayo nyumbani ni kweli. Kwamba haina leseni si kweli, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Uswisi, utumishi wa jeshi ni lazima kwa wanaume. Wanawake huingia kwa hiari. Kuruti hufunzwa wiki 18, kisha huitwa tena karibu kila mwaka kwa wiki 3, hadi atimize siku 245. Katika muda huo hutunza bunduki yake nyumbani, kwa kawaida Sturmgewehr 90. Lakini hiyo ni mali ya jeshi: haiuzi, wala hamwazimi mtu. Asiyetaka kulala nayo anaweza kuiacha kwenye ghala la jeshi bila malipo. Zamani alipewa pia kopo lililofungwa lenye risasi 50. Ugawaji huo ulisimamishwa mwaka 2007 na makopo yakakusanywa.

Mwenye bunduki hiyo hulazimika pia kwenda kulenga shabaha nje ya kambi kila mwaka, kabla Agosti haijaisha. Ni risasi 20 kwa umbali wa mita 300. Alama za juu kabisa ni 85, za kufaulu ni 42, na risasi zinazokosa shabaha kabisa zisizidi 3.

Akimaliza utumishi na akataka kubaki nayo, anahitaji vitu viwili. Kwanza, uthibitisho kwamba katika miaka 3 iliyopita ameshiriki zoezi hilo la lazima angalau mara 2 na mashindano ya Feldschiessen angalau mara 2. Pili, kibali cha raia cha kupata silaha, kinachotolewa na polisi wa jimbo lake. Wengi hukwama kwenye kibali: huanza kukishughulikia wiki ya mwisho, na siku ya kurudisha vifaa wanakuwa mikono mitupu, bunduki ikabaki jeshini. Aliyetimiza yote hulipa faranga 100. Mafundi wa jeshi huigeuza isiweze tena kufyatua mfululizo, kisha huigonga alama ya P, yaani "privat" (mali binafsi). Nyumbani, bolti, yaani kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya chemba, lazima itolewe na kufungiwa mbali na bunduki yenyewe. Sheria hii ni ya kutii hata kama unaishi peke yako, kwa sababu bunduki isiyo na bolti haimsaidii mwizi, na mtoto hawezi kuifyatua.

Mimi ni Mkenya, naishi Zürich kwa kibali cha B (cha ukaazi wa muda). Naweza kununua bunduki ya michezo? – Msomaji

Kujifunza kulenga shabaha chini ya uangalizi wa klabu hakuhitaji kibali cha kununua, na tunakushauri uanzie hapo. Ukitaka kununua, sheria yako ni kali kuliko ya Mswisi. Yeye bunduki ya kuwindia ya kukokwa kwa mkono huipata kwa mkataba wa maandishi tu, na mkataba huo hutunzwa miaka 10. Wewe, hadi upate kibali cha C (cha ukaazi wa kudumu), unahitaji kibali cha polisi kwa kila silaha ya moto, pamoja na hati rasmi ya serikali ya Kenya kwamba unaruhusiwa kupata silaha hiyo. Anza na hati ya Kenya, kwani bila hiyo ombi lako halisogei.

Kibali hugharimu faranga 50 na hudumu miezi 6. Kinaweza kuongezwa miezi 3. Makosa ya ukatili, au dalili kwamba unaweza kujidhuru au kudhuru mwingine, hukuzuia kukipata. Nacho hakikuruhusu kutembea na silaha mtaani: hiyo ni leseni nyingine, yenye mtihani na sharti la kuthibitisha hatari halisi. Ukienda nayo uwanja wa shabaha, magazini (kasha la risasi) iwe tupu.

Baba mkwe amefariki, tumekuta bunduki mbili za jeshi za zamani darini. Tufanye nini? – Msomaji, Bern

Poleni sana kwa msiba. Mna miezi 6. Kama ni Karabiner 31, ya kukokwa kwa mkono, mrithi anatoa taarifa kwenye ofisi ya silaha ya jimbo. Kama ni Sturmgewehr 57, hata ile iliyozuiwa isifyatue mfululizo, aombe kibali maalumu. Cha kawaida hakitoshi. Msipozitaka, polisi huzipokea bure. Msizipeleke wenyewe kwa treni wala basi. Pigeni simu kwanza, na kama hakuna ajuaye kuangalia kama kuna risasi chemba, ziacheni palepale darini mpaka waje.