Waulize Wataalamu: Tumbo la Kila Jumatatu

Kijana wangu ana miaka 13, yuko Gredi ya 8. Tangu baba yake aachishwe kazi, huu ni mwezi wa nne, kila Jumatatu asubuhi tumbo linamuuma mpaka anajikunja. Tumempima taifodi mara tatu. Akipewa dawa anatulia siku mbili, kisha linarudi. Mwalimu anasema ameshuka masomoni na hachezi na wenzake. Tunaishi chumba na sebule, na sitaficha: usiku tunagombana na mume wangu kuhusu kodi ya nyumba. Mama mkwe anasema mtoto anadeka, atiwe viboko. Je, anaigiza? — Mama K., Umoja, Nairobi

Haigizi, Mama K. Tumbo na ubongo huwasiliana kupitia mishipa ya fahamu, na mtu mwenye hofu, utumbo wake hubadilisha mwendo na kuhisi jambo dogo kama maumivu makali. Anaumwa kweli, ila dawa ya taifodi haifiki panapouma. Kipimo cha Widal, ambacho kliniki nyingi za mitaani hutegemea, kinaweza kusema taifodi kwa mtu aliyewahi kuugua zamani, aliyechanjwa, au mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Msikubali dozi ya nne kwa kipimo hicho peke yake.

Magonjwa ya mwili yaondolewe kwanza. Mpeleke kwa daktari, si kwenye duka la dawa, akiwa anapungua uzito, ana homa, anatapika mara kwa mara, anatoa damu chooni, anaamshwa na maumivu usiku, au maumivu yamekaa upande mmoja, mbali na kitovu. Kama hana dalili hizo, nunua daftari muandike kwa siku 14: tumbo lilianza saa ngapi, alilala saa ngapi, kipindi cha kwanza shuleni kilikuwa kipi, na jioni iliyotangulia nyumbani kulikuwaje. Saa ya maumivu aiandike mwenyewe, asije akaona anapelelezwa. Angalia pia kama kuna mwanafunzi au mwalimu anayemtisha, maana Jumatatu inaweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja. Na kuna jambo wazazi hulisahau: mtoto anayesikia ugomvi usiku huogopa kuondoka asubuhi. Anataka kubaki amlinde mama.

Hata hivyo asibaki. Akikaa nyumbani, tumbo hutulia ikifika saa nne, na mwili unajifunza kwamba kubaki ndiyo dawa. Jumatatu inayofuata litaanza mapema zaidi. Zungumza na mwalimu wa darasa: likimuuma apumzike dakika 15, anywe maji, arudi darasani. Usipigiwe simu ukamchukue isipokuwa ana homa au anatapika.

Sasa ugomvi. Mtafiti Rand Conger na wenzake walifuatilia familia za mashambani huko Iowa, Marekani, zilizobanwa na madeni baada ya mgogoro wa kilimo wa miaka ya 1980. Waliona kwamba shida ya pesa humfikia mtoto hasa kupitia kwa wazazi: wanavunjika moyo, wanakoseana, na ukali unamshukia yeye. Hiyo ni habari njema kwenu, kwa sababu kazi hamwezi kuipata kesho lakini usiku mnaweza kuupanga leo.

Si kila kelele humdhuru mtoto. Inayoumiza zaidi ni ya kila mara, yenye matusi au vitisho, inayomtaja yeye (karo, viatu, chakula), na isiyo na mwisho anaouona. Hili la mwisho ndilo hupuuzwa. Mnapatana saa saba usiku naye ameshalala; asubuhi anachojua ni kwamba nyumba iliwaka moto, hajui kama ulizimwa. Kwa hiyo mazungumzo ya kodi myahamishie siku moja kwa wiki, tuseme Jumamosi akiwa mpirani, nusu saa, mkiwa na karatasi: kilichoingia, kinachodaiwa, nani atamwona mwenye ploti na siku gani. Atakayeyaanza usiku aambiwe neno moja tu, "Jumamosi." Wiki ya kwanza mtashindwa mara mbili tatu, endeleeni.

Mkigombana akasikia, asubuhi mwambie: "Jana ulitusikia tukibishana kuhusu kodi. Si kosa lako. Mimi na baba tumekubaliana tutaongea na mwenye ploti Jumamosi." Basi. Samahani ndefu yenye machozi humfanya aanze kukubembeleza wewe. Na msimtume kama tarishi, "mwambie baba yako hivi," hata kwa mambo madogo ya chumvi na mafuta.

Kama kuna kupigana, huo si ugomvi wa kupangiwa Jumamosi. Piga 1195, nambari ya bure ya dhuluma za kijinsia.

Mama mkwe mjibu kwa adabu, lakini viboko hapana. Mtoto akichapwa kwa kulalamika ataacha kulalamika, kisha ataanza kutoroka shule, na hapo mtakuwa mmepoteza kengele pekee mliyokuwa nayo. (Shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, ingawa wanafunzi wengi wa Nairobi watakuonyesha vinapowekwa.) Huzuni au hasira za karibu siku nzima zikizidi wiki mbili, na usingizi na chakula vikavurugika, mpeleke kliniki ya afya ya akili, Mathari au Hospitali ya Kenyatta. Wewe au yeye mnaweza pia kupiga 116, nambari ya bure ya watoto, saa yoyote.

Nalea mjukuu wa miaka 6. Mama yake alienda Saudia miezi mitano iliyopita. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani kabisa, sasa ameanza tena. — Nyanya, Kibra

Shikamoo, Nyanya. Mtoto aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi akarudia, kwanza apimwe mkojo: maambukizi, na kisukari hasa akiwa na kiu isiyoisha na anakonda. Uliza pia kama anapata choo kigumu, kwa kuwa utumbo uliojaa hukandamiza kibofu. Hayo yakiwa sawa, sababu iliyo karibu ni kuondoka kwa mama.

Kinachokosewa sana ni kumwambia "mama anakuja kesho." Kesho ikipita mara kumi haamini tena neno la mtu yeyote, hata lako. Mwambie ukweli mfupi: mama yuko kazini mbali, siku ya kurudi ikijulikana nitakuambia. Simu iwe siku ile ile na saa ile ile, hata dakika tano, kuliko saa nzima kwa kushtukiza. Kama bosi wake humnyima simu, arekodi ujumbe wa sauti akipata nafasi, na mtoto ausikie kabla ya kulala. Maji anywe zaidi mchana, apungukiwe saa mbili za mwisho kabla ya kulala, aende choo kabla ya kitanda. Ukiwa na choo cha nje cha ploti, weka ndoo ndani. Giza la nje linamtisha mtoto kuliko unavyodhani. Godoro usilianike mlangoni majirani wakalihesabu.

Binti yangu wa miaka 15 hulala saa saba usiku na simu. Nimpokonye? — Baba, Donholm

Ukimpokonya kwa hasira atatafuta nyingine. Simu zote za nyumba, yako ikiwemo, zichajiwe sebuleni kuanzia saa tatu. Umri huo unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Akiamka saa kumi na moja kuwahi matatu, hesabu mwenyewe.

Mtoto wa jirani, miaka 17, ameniambia heri afe. Nikimuuliza zaidi nitamtia wazo? Na tukienda hospitali hatashtakiwa? — Dada, Kasarani

Hutamtia wazo, Dada. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua? Umepanga utafanyaje?" Akiwa na mpango au kifaa, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na aende hospitali leo, si baada ya wikendi. Dawa za nyumbani, ya panya na za kuua wadudu ziondolewe kabisa, zisifichwe juu ya kabati. Usimwahidi siri, mwambie utamtafuta mtu mzima mmoja atakayemchagua yeye. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure. Kuhusu sheria, Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Na kusema tu kwamba unataka kufa hakukuwa kosa hata kabla ya hapo.